Ramani ya Irabu

Sisi tuliosomeshwa chuoni utotoni, mkekani mbele ya ubao, tulifundishwa makharij kabla ya kufundishwa maana: kwamba makazi ya hamza ni koo la chini, na makazi ya mim ni midomo miwili, na mwalimu mwenye subira humwekea mwanafunzi kidole shingoni ili aihisi herufi pale inapozaliwa. Lakini zamu ya irabu ilipowadia, kidole kilikosa pa kwenda, kwa kuwa irabu haigusi kitu: ulimi huinuka ama hushuka, husogea mbele ama hurudi nyuma, na pumzi hupita pasipo kizuizi. Hati ya Kiarabu, ambayo wazee wetu waliandikia Kiswahili kwa karne nyingi, ilizidisha utata huo, maana harakati zake tatu, fataha, kasra na dhuma, zililazimika kubeba irabu tano, msomaji akaachiwa mwenyewe kubainisha i na e, u na o.

Mwaka 1917 Daniel Jones, mwalimu wa fonetiki mjini London, alitoa picha za eksirei zilizopigwa huku mkufu mwembamba wa madini ya risasi umelazwa juu ya ulimi, ili mgongo wa ulimi uonekane umekaa wapi irabu inapotamkwa. Katika kazi ya namna hiyo ndimo lilimotoka lile umbo la pembe nne ambalo kila mwanafunzi wa isimu hulikuta kitabuni, i juu upande wa kushoto, u juu upande wa kulia, a chini.

Hata hivyo hakuna haja tena ya mkufu, kwa sababu sauti yenyewe imebeba khabari ya mahali ilipotoka. Mtetemo wa koo ukiingia kinywani hukuta chumba, na chumba hicho, mithili ya mtungi ambao mlio wake hubadilika kadiri unavyojazwa maji, hukuza masafa fulani na kufifiza mengine. Vilele vya masafa yaliyokuzwa huitwa fomanti. Ulimi ukishuka na kinywa kikafunguka, fomanti ya kwanza hupanda. Ulimi ukisogea mbele, fomanti ya pili hupanda. Gordon Peterson na Harold Barney, katika makala yao ya mwaka 1952, waliwapima watu 76 wakitamka irabu 10 za Kiingereza cha Marekani, na kwa wanaume wastani wa i ulikuwa hezi 270 na 2290, wa u hezi 300 na 870, na wa ile a ya nyuma hezi 730 na 1090. Kwa jozi tatu hizo za namba, mtu ambaye hajamwona msemaji aweza kuuchora ulimi wake ulivyokaa.

Kazi iliyohitaji maabara leo hufanyika kwenye meza ya chakula. Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam wametunga programu iitwayo Praat, neno la Kiholanzi lenye maana ya kuzungumza, nao huitoa bila malipo. Jioni moja nilimwomba jirani yangu, mama mtu mzima mzaliwa wa Nyeri aliyekaa Mombasa miaka mingi, anisemee maneno ya Kikuyu karibu na kompyuta, nami nikasema ya Kiswahili: yeye mũtĩ, mimi mti, yeye mũndũ, mimi mtu. Kikuyu kina irabu saba, na zile mbili ambazo watu wa pwani huzivuruga huandikwa ĩ na ũ. Jina la mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o limezikusanya zote mbili, nasi kila siku tunalitamka kwa u na i kavu, ilhali kwa Wakikuyu husikika karibu na Ngoge.

Nilipoifungua sauti ya mama, nukta nyekundu za fomanti zilijipanga juu ya kivuli cha spektrogramu, ile picha ya masafa ya sauti, kama shanga. Nikaweka kishale katikati ya irabu, mbali na konsonanti za jirani zinazoivuta huku na huku, nikaandika namba mbili katika lahajedwali, neno baada ya neno. Yapasa kuwa mwangalifu hapa: kwa sauti ya mwanamke programu huambiwa itafute fomanti tano chini ya hezi 5500, na kwa mwanamume chini ya 5000; na katika u na o, ambazo fomanti zake mbili hukaa karibu mno, mara nyingi mashine huziunganisha kuwa moja, ikakupa namba ya uongo kwa utulivu kamili. Jicho la mwanadamu halina budi kuhakikisha.

Kisha mchoro. Fomanti ya pili nikaiweka kwenye mhimili wa ulalo, ya kwanza kwenye mhimili wa wima, na kinywa kikatokea kimepinduliwa, a ikining'inia juu. Kwani namba kubwa ya fomanti ya kwanza ndiyo ulimi ulio chini, kwa hiyo mihimili yote miwili sharti igeuzwe, sifuri ikae pembe ya juu kulia. Nilipoigeuza, uso ukatazama kushoto kama katika kitabu. Na kwa kuwa kinywa cha mwanamke si sawa na cha mwanamume kwa urefu, namba za kila mmoja nilizipima kwa wastani na mtawanyiko wake mwenyewe kabla ya kuzilinganisha, kama alivyoelekeza mtafiti Lobanov mwaka 1971.

Nukta za ĩ za mama zilikaa mahali ambapo mimi sina kitu kabisa, chini ya i yangu na juu ya e yangu. Na ũ vivyo hivyo, kati ya u na o. Miaka yote tumewacheka Wakikuyu na ndugu zao kwa matamshi yao ya Kiswahili, na hiyo ni dhulma, kwa maana wenzetu wana vyumba saba katika nyumba ambayo sisi tumebakiwa na vitano. Wataalamu wa Kibantu hukubali kwamba lugha mama yetu sote ilikuwa na saba, na Kiswahili ndicho kilichounganisha.

Mama aliitazama ile karatasi kwa muda, akaweka kidole juu ya nukta zake.

“Basi mwanangu, sema mũtĩ, tuone kama utaingia hapa.”

Nikasema. Akatikisa kichwa kabla ya mashine kujibu. Nikasema tena, mara ya nne, ya saba, yeye akinisahihisha kwa upole, nami nikiandika namba. Na mpaka adhana ya isha nukta zangu zilikuwa zimepanda kutoka kwenye e, moja baada ya moja, lakini ya mwisho ilikuwa bado chini kidogo ya kidole chake.