Tripu ya mahafali hadi Roma: Hesabu iliyofanya mbogi yetu ya Gakindu ibadilishe njia

Kila mbogi iko na ule msee mmoja ambaye mkimaliza form four anasema, "Siku ya kuvaa gauni, tunaenda majuu. Wote." Sisi watano wa Gakindu tulichagua Roma.

Usicheke. Ukikulia Nyeri, Mtaliano si mgeni kwako. Wamisionari wa Consolata kutoka Turin walifika pande hizi za Mlima Kenya 1902, na cathedral ya Nyeri inaitwa kwa jina hilo hadi wa leo. Pale Mathari kuna kanisa la ukumbusho la Waitaliano, na ndani amezikwa Duke wa Aosta, kamanda wao aliyefariki Nairobi 1942 akiwa mateka wa Waingereza. Cucu yangu alipoambiwa Roma aliuliza swali moja tu: "Mnaenda kuona Papa?"

Basi tukaanza chama. Soo tano kila mwezi, kila mtu, miaka minne. Mimi karo ilinishinda mwaka wa pili nikatoka campo, lakini chama sikutoka. Wengine walipokaribia kumaliza, tulikuwa na ngiri 120. Tukajiona mabazu.

Halafu tukakaa chini na kalamu.

Pesa inaisha kabla ya ndege

Watu wengi hupiga hesabu ya tiketi kwanza. Hilo ndilo kosa. Tiketi inakuja baadaye, kuna mambo mawili mbele yake.

La kwanza ni pasipoti. Ile ndogo ya kurasa 34 ni 7,500. Mara watu watano, ni 37,500.

La pili ni visa. Italia iko kwa Schengen, na tangu Juni 2024 ada ya mtu mzima ni euro 90. Tukihesabu euro moja kwa bob 150, hiyo ni 13,500 kwa kila mtu. Watano ni 67,500. Na hii pesa hairudi. Ukinyimwa visa, umepeana sadaka.

Jumlisha: 105,000. Kwa chama cha ngiri 120, tumebaki na 15,000, na hatujagusa tiketi wala kitanda. Tena kuna bima ya safari. Schengen wanataka ile inayolipia matibabu ya hadi euro 30,000, na lazima uwe nayo ndio wakupe visa.

Kwa nini baada ya mahafali ndio wakati mbaya

Hii ndio sehemu hakuna mtu alituambia, na ndio sababu naandika.

Afisa wa visa ana maswali mawili makubwa. Je, uko na pesa ya kujilisha huko? Na je, utarudi nyumbani? La pili ndilo linaua watu.

Mwanafunzi anajibu kwa barua ya campo: niko mwaka wa tatu, nina masomo mwezi ujao. Mwenye kazi anajibu kwa karatasi ya mshahara na barua ya ruhusa kutoka kwa bosi. Mwenye biashara ana leseni na akaunti inayosonga. Sasa wewe umefuzu juzi. Barua ya campo imeisha nguvu. Kazi bado unatafuta. Unachoweza kuonyesha ni picha ukiwa na gauni.

Ile siku unajiona umeomoka, kwa makaratasi ndio uko chini kabisa. Hiyo haimaanishi utanyimwa lazima, lakini unaingia ukiwa na mkono mmoja.

Na kuna hii ya ajenti anayekuambia, "Tafuta mtu akuwekee laki mbili kwa akaunti, upigishe taarifa ya benki, kisha mrudishie." Wachana naye. Akaunti iliyokuwa na mia nane miezi yote, halafu ghafla inashikilia laki mbili, inajisema yenyewe. Na ukipeana makaratasi ya uongo, hiyo rekodi inabaki. Maombi ya Schengen yanaingia kwa mfumo mmoja ambao nchi zote za kundi hilo zinaona.

Visa haijui mbogi

Kitu kingine: mnaomba kila mtu peke yake. Hakuna visa ya marafiki. Wawili wanaweza kupata, watatu wakose, na pesa ilikuwa ya wote.

Kwa mbogi yetu, kila mtu alijua nani angekosa. Mimi sina cheti, sina mwajiri, nalipwa kwa kila stori. Mwingine wetu anasaidia mzee wake shambani, na pesa yao inakuja kahawa ikilipwa. Hakuna aliyesema kwa sauti. Kisha yule yule msee wa "wote" akaandika kwa grupu: "Kama si wote, si tripu yetu." Nilisoma hiyo meseji mara tatu hivi.

Zile 15,000 zilizobaki

Hapo ndipo mmoja wetu alitoa hesabu nyingine. SGR, daraja la kawaida, Nairobi hadi Mombasa ni 1,500 tangu Januari 2024. Kwenda na kurudi ni 3,000. Watano ni 15,000.

Yaani masalio ya Roma ndio nauli ya treni ya wote. Na ile 105,000 iko mzima, ya matatu, nyumba, chakula na kujibamba.

Na kama ulitaka mji wa kale wenye mkono wa Ulaya, Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na aliyechora ramani yake alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira kuanzia 1696 na kuichukua 1698. Waingereza wakaigeuza jela. UNESCO iliitambua 2011. Ukitoka hapo unaingia Old Town kwa miguu, bila tiketi, unapita milango ya kuchongwa ukitafuna viazi karai.

Mambo ya kushika: beba kitambulisho, unakihitaji kwa treni na ndicho kinakupa bei ya mwananchi pale Fort Jesus. Chukueni nyumba moja ya kupika badala ya vyumba vya hoteli. Feri ya Likoni kwa anayetembea ni bure. Na kaeni mbali na Desemba, bei hupanda na tiketi za treni huisha mapema.

Na kama bado unataka Roma?

Usiitupe, ipange. Pasipoti tafuta sahi, polepole. Omba visa ukiwa bado mwanafunzi mwenye barua, au ngoja ukae kazini kiasi uwe na mshahara unaoonekana. Maombi yanafunguliwa miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usingoje hiyo mwisho.

Ukifika, Roma si ghali kila mahali. Kuingia Basilika la Mtakatifu Petro ni bure. Jumapili ya kwanza ya mwezi, Colosseum ni bure pia, ila foleni ni noma. Maji safi ya kunywa yanatiririka kwa mifereji ya barabarani, beba chupa yako.

Sisi tulienda Mombasa, wote watano. Jioni ya kwanza tulikaa chini ya ukuta wa Fort Jesus, upande wa bahari, wanne wakiwa na majina mapya ya digrii na mimi nikiwa na begi la mahamri. Hakuna aliyeuliza nani alimaliza na nani hakumaliza.

Chama hatujafunga. Sahi ni ngiri moja kwa mwezi, na Roma bado iko kwa orodha. Kila mtu akishapata ile karatasi yake ya kuonyesha, tutaketi tena na kalamu.