Marekani: Mashini ya kukata majani inawachosha watumiaji, wengine wanaifunga kamba

Katika miji mingi ya Marekani, mwenye nyumba anayeacha majani yarefuke uwanjani anaweza kulipishwa faini. Watu wa Kivu waliopokelewa kule kama wakimbizi wanalijua jambo hilo: kupekupe iliyosafisha parsele huko nyumbani imepisha mashini yenye moteri. Na mashini hiyo inanung'unikiwa sana.

Lalamiko la kwanza ni juu ya chuma chembamba kinachobanwa pamoja na mshikio. Ukikiachilia kidogo tu, uokote kijiti au usogeze kiti, moteri inazimika. Inabidi kuvuta kamba upya, mara mbili, mara tatu. Kwa mzee mwenye maumivu ya vidole, hiyo ni kazi ngumu kuliko kukata majani yenyewe.

Kwenye mashini za kukalia, kuna swichi chini ya kiti. Dereva akirushwa na shimo, moteri inakatika. Akirudi nyuma, kisu kinasimama mpaka abonyeze kitufe. Ndiyo maana wengine wanafunga kile chuma kwa kamba, ao wanaunganisha nyaya za swichi ili isifanye kazi tena.

Sheria inasema nini?

Tangu mwaka 1982, sheria ya usalama ya Marekani inataka kisu cha mashini ya kusukumwa kisimame ndani ya sekunde 3 baada ya mtu kuachilia mshikio. Kuna sababu. Ncha ya kisu inaweza kukaribia mwendo wa mita 96 kwa sekunde, zaidi ya kilometa 340 kwa saa. Kwa mwendo huo, jiwe dogo linaruka kama risasi, na vidole havina muda wa kukimbia.

Lakini tusome vizuri: sheria inataka kisu kisimame, haiagizi moteri izimike. Kuna mashini zenye breki ya kisu peke yake, moteri ikiendelea kunguruma. Shida ni bei, kwani kifaa hicho kinaongeza gharama. Mwaka 1981, Bunge la Marekani lilikubali njia ya bei nafuu: kuzima moteri yote na kuiwasha tena kwa mkono, kwa masharti fulani. Hiyo ndiyo inayouzwa sana kwa watu wa mfuko mdogo. Kwa hiyo uchovu mwingi unaosingiziwa sheria unatoka kwenye hesabu ya bei.

Mashini za betri zimepunguza taabu hiyo, kwa sababu hazina kamba ya kuvuta. Huko California, tangu 2024, moteri ndogo mpya za aina hiyo zinatakiwa zisitoe moshi.

Kwa yule anayebaki na mashini ya mafuta, kamba kwenye mshikio si dawa. Siku atakapoteleza kwenye majani yenye umande, hakuna kitakachosimamisha kisu. Kabla ya kuingiza mkono chini, zima moteri na uchomoe waya wa buji. Na watoto? Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri wasisukume mashini kabla ya miaka 12, wala wasiendeshe ile ya kukalia kabla ya miaka 16.

Kifaa cha usalama kinachoudhi kinaishia kufungwa kamba. Watengenezaji wanalijua hilo, na wanaolipa kwa vidole ni wanunuzi.