Maji Yamekataa: Asubuhi ya Sakitu Timau

Simu hulia kabla ya saa moja asubuhi, na maneno ni yale yale: "Fundi, maji yamekataa." Navaa buti, nachukua spana mbili na vitambaa vikuukuu, napanda upande wa msituni. Njiani nyasi ni nyeupe kwa sakitu, zinavunjika chini ya miguu.

Wageni hudhani maji ya Timau huganda Julai. Julai tunatetemeka kweli, lakini mawingu hutufunika kama blanketi. Mimi naogopa Januari na Februari, usiku wa nyota tele na upepo uliotulia, ambapo joto la ardhi hupaa angani bila kizuizi. Kipimajoto ukutani chaweza kuonyesha nyuzi 2 ilhali nyasi, na paipu iliyolala juu yake, zimeshashuka chini ya sifuri. Usiku wa namna hiyo ndio uliounguza majani ya chai Kericho na Nandi Januari 2012.

Wengi wetu huku juu tunavuta maji kwa mpira mweusi uliotandazwa tu ardhini. Unapita chini ya ua, unakatiza shamba la viazi la jirani, unaishia kwenye paipu ya chuma yenye mfereji. Mpira wa nusu inchi hubeba maji kidogo, na yakisimama usiku kucha hupoa upesi.

Majuzi nilimkuta nyanya mmoja akitoka jikoni na sufuria ya maji yanayochemka. "Nyanya, ngoja kwanza, tafadhali." Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii nilimwagia mfereji uliojaa barafu maji kama hayo, ukapasuka mbele ya mwenye nyumba. Chuma baridi hakipendi kushtuliwa, na plastiki hulegea ikapinda. Wanaowasha moto wa karatasi chini ya paipu ndio hunitia hofu zaidi.

Tukaufuata mpira, nikiuinua kila baada ya hatua chache. Penye maji unakunjika. Penye barafu ni mgumu kama fimbo. Ulikaza hatua tatu kabla ya elbo ya chuma, pale kivuli cha tangi kinapozuia jua la asubuhi.

Nilimwomba kwanza afungue mfereji, akashangaa, maana hakuna kilichotoka. Hili natamani kila nyumba ilijue. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Barafu inapokua ndani ya paipu husukuma maji yaliyobaki kati yake na mfereji uliofungwa, nayo yakikosa pa kwenda hupasua popote palipo dhaifu. Ndiyo maana ufa mara nyingi hupatikana mbali na barafu yenyewe. Mfereji ukiwa wazi, msukumo una mlango.

Kisha nikaloweka vitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, nikavizungushia paipu kuanzia upande wa mfereji kurudi nyuma, nikivibadilisha kila vilipopoa. Nyanya alikaa kwenye valvu ya tangi, mkono tayari kuifunga, kwa sababu ufa hunyamaza barafu ikiwa ndani. Huanza kumwaga inapoyeyuka. Karibu saa tatu mfereji ukakohoa, ukatema kipande cha barafu chembamba kama kidole, kisha maji.

Wako wanaoshauri mfereji uachwe ukidondoka usiku. Husaidia, kwa kuwa maji yanayotembea hayagandi upesi, lakini Februari mito yetu imepungua na walio chini wanayangoja. Ukilazimika, weka ndoo. Mimi naona afadhali ufunge valvu jioni na umwage maji yote kupitia mfereji ulio chini kabisa.

Dawa yenyewe ni jembe. Minnesota, wanakoishi Wakenya wengi, ardhi huganda kupita mita 1, kwa hiyo paipu huzikwa chini zaidi. Udongo wetu hauna baridi ya namna hiyo. Mtaro unaofika magotini unatosha kabisa, na utaukinga mpira dhidi ya jua na kwato za ng'ombe pia. Kipande cha chuma kinachobaki nje kivishwe gunia kavu, lifunikwe nailoni lisilowe.

Jumamosi wajukuu wa nyanya walikuja na majembe. Tulianzia kwenye elbo.