Ahadi ya mji wa kijani ni deni, lakini mdai ni nani?

Zamani kidogo, mtu aliyetaka udiwani Malindi au Kilifi aliwaahidi wapigakura barabara, mabati ya shule na karo ya watoto. Siku hizi ahadi hizo zimepata mwenzake. Uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 unapojongea, mgombea anayetaka kuonekana mtu wa kisasa hakosi kutaja mji wa kijani, mji safi, mji unaofaa kuishi binadamu. Mwito huo si mbaya hata kidogo. Mwananchi anayevuka mtaro uliojaa maji machafu kila masika hahitaji kuhubiriwa kuhusu umuhimu wake. Linalotupasa sisi walimu na wanafunzi ni kuupima kwa mizani tunayoijua vizuri zaidi, nayo ni mizani ya lugha.

Tuanze na maneno yenyewe. Kijani ni rangi, na rangi yaweza kupakwa. Bustani ya hoteli inayomwagiliwa maji mchana kutwa ni ya kijani, hali mtaa wa pili mama anasubiri foleni ya madumu. Mazingira ni neno lenye uzito mwingine. Limetokana na kitenzi zingira, na kila kizingiracho kina kinachozingirwa. Kwa hiyo mazingira hayawezi kutajwa bila kumtaja binadamu aliyemo katikati yake. Mgombea anayesema kijani atuonyeshe miti. Mgombea anayesema mazingira atuonyeshe pia watu watakaokaa chini ya kivuli chake.

Wapo wanaodhani kwamba fikra hii imeletwa na meli kutoka Ulaya. La hasha! Kaya ya Wamijikenda ilikuwa makao yaliyojengwa katika uwazi katikati ya msitu, yakaingiwa kwa njia chache zilizojulikana. Msitu ulikuwa ngome, ulikuwa duka la dawa, ulikuwa mahali pa mazishi na maombi. Wazee waliulinda kwa miiko, na aliyekata mti bila idhini alitozwa faini. Mwaka 2008 shirika la UNESCO liliziingiza kaya kadhaa katika orodha ya urithi wa dunia. Hao waliotangulia walielewa kwamba makao na msitu si mahasimu, na kwamba kanuni isiyo na mlinzi haina nguvu.

Majina ya mahali nayo yana ushahidi wake. Malindi kuna eneo liitwalo Casuarina, ambalo ni jina la kigeni la mvinje. Kilifi kuna Mikoroshoni. Mti waweza kukatwa jina lake likadumu, na vizazi vijavyo vikabaki kuuliza jina hilo lilitoka wapi. Mwarobaini nao una kisa chake. Wapwani wengi huuita mkilifi, kana kwamba ulizaliwa hapa petu, ilhali asili yake ni Bara Hindi na Burma. Ni mti wa manufaa makubwa, lakini huenea upesi na kuisonga mimea ya asili vichakani. Basi mgombea anapogawa miche mbele ya wapiga picha, tusihesabu miche tu. Tumwulize ni mti gani, utapandwa wapi, na nani ataunywesha maji kaskazi itakapovuma na mvua kutoweka.

Matatizo ya pwani hii hayafichiki. Mto Sabaki, unaojulikana kama Athi huko juu, hubeba udongo wa mashamba ya bara hadi baharini, na maji ya Malindi hugeuka mekundu msimu wa mvua. Udongo huo unatishia matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968. Mto huohuo, kupitia mitambo ya Baricho, ndio unaotunywesha Malindi, Kilifi na hata Mombasa. Kusini kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita za mraba 420 hivi, ambao watu wa pembezoni mwake bado huuhitaji kwa kuni. Ndani ya miji kuna taka zinazochomwa kando ya nyumba, na kuna njia za kwendea ufuoni zinazozidi kubanwa na kuta za viwanja. Hapo ndipo vivuli vya mivinje na harufu ya moshi wa plastiki vinapokutana.

Je, mwakilishi wa wadi anaweza nini katika hayo yote? Swali hili huulizwa kwa nadra, na ndilo mzizi wa mambo. Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, madiwani wa mabaraza ya zamani hawapo tena. Kaunti ya Kilifi ina wadi 35, na kila moja huchagua mtu wa kuingia katika bunge la kaunti. Kazi yake ni tatu: kuwakilisha watu, kutunga sheria, na kuichunguza serikali ya kaunti. Yeye si mkandarasi, wala si mtunza bustani. Anayeahidi kujenga bustani ya umma kwa mkono wake mwenyewe ama hakuisoma kazi anayoiomba, ama anatudhania sisi ndio hatukuisoma.

Lakini tusidhani kwamba hana nguvu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti uzoaji wa taka na majaa, mipango ya ardhi, mitaro ya maji ya mvua mijini, na hata bustani na fuo za kaunti. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe badala ya kurundikwa pamoja. Bajeti ya kaunti haipiti bila kura za hao tunaowachagua. Kwa hiyo mgombea makini husema: nitadai fungu hili katika bajeti, nitaleta mswada huu, nitamwita waziri huyu wa kaunti aeleze kwa nini gari la taka halijaonekana mtaani mwetu.

Hapo naomba niingie katika taaluma yangu. Sikilizeni hotuba za kampeni, mtasikia: miti itapandwa, taka zitazolewa, fuo zitasafishwa. Kila mwanafunzi wa kidato cha pili anaitambua kauli ya kutendwa. Sifa yake ni kwamba humruhusu mtenda kujificha. Miti itapandwa na nani? Taka zitazolewa na nani, kwa fedha ipi, siku gani? Sarufi yetu ina kiunganishi kidogo "na" cha kumtaja mtenda, na mwanasiasa mjanja hukikwepa kama mwiba. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuwapa wanafunzi wake zoezi jepesi: wachukue ilani ya mgombea yeyote, wageuze kila sentensi iwe katika kauli ya kutenda, kisha wahesabu ni ngapi zimekosa mtenda. Somo hilo la sarufi litakuwa pia somo la uraia, na halimtukani mtu wala kumpigia debe.

Yapo pia ya kujifunza kwa marehemu Profesa Wangari Maathai. Alianzisha vuguvugu la Green Belt mwaka 1977, akazuia jumba refu lisijengwe katika bustani ya Uhuru Park baada ya mapambano yaliyoanza mwaka 1989. Aliwania urais mwaka 1997 akashindwa, akachaguliwa mbunge wa Tetu mwaka 2002, akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2004. Na mwaka 2007, akiwa na tuzo hiyo mkononi, alishindwa kukitetea kiti chake. Mti hauna kura, jamani. Ndege wa Mida hawapangi foleni kituoni. Anayewatetea hutegemea binadamu wakumbuke kwa niaba yao, na binadamu ni msahaulifu, hasa akipewa fulana na shilingi mia mbili.

Hata hivyo, watu wetu si mabubu. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo waliandamana kuupinga mpango wa kujengwa kituo cha nyuklia karibu na bahari yao. Awe mtu anaunga mkono msimamo wao au anaupinga, hawezi kukana kwamba walitaka kuulizwa kabla ya kuamuliwa. Kifungu cha 196 cha Katiba kinaliagiza bunge la kaunti liendeshe shughuli zake hadharani na kuushirikisha umma. Haki hiyo haina msimu wa uchaguzi.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Ila deni lisilo na mdai husahaulika, na daftari likapotea. Wengi wa wanafunzi wanaosoma ukurasa huu watakuwa wametimiza miaka kumi na minane kufikia siku ya kura. Wawe ndio wadai. Waandike ahadi ya kila mgombea, tarehe na mahali alipoitoa, wakaibandike ukutani mwa shule. Kisha mwaka mmoja baada ya kura, walimu wawaongoze kuisoma tena ahadi ya aliyeshinda, kitenzi kwa kitenzi, na kumpelekea barua ya heshima wakiuliza mtenda yuko wapi.