Nkambo Ataoga Wapi?

Huko Ulaya na Marekani yako mahodhi ya kuogea yaliyotiwa mlango ubavuni. Mzee haruki ukingo. Hufungua mlango, huingia kwa miguu yake, huketi juu ya kiti kilichomo ndani, hufunga, ndipo afungulie maji. Mtu wa Kalemie aonaye picha ya hodhi hilo katika simu yake aweza kusema moyoni: hiki ndicho kitu cha kumnunulia nkambo, yaani babu au bibi, kama tuwaitavyo wazee wetu huku.

Nia ni njema, lakini kabla ya kutoa fedha na tupige hesabu. Hodhi la namna hiyo hutaka maji kiasi cha lita 150 hadi 250 kwa kuoga mara moja. Tukishika lita 200, hizo ni bidoni 10 za lita 20. Bomba la Regideso halifiki katika kila ua, na hata lifikapo, maji hukatika. Je, bidoni 10 zitachotwa na nani? Kwa kawaida ni wasichana, tena kabla ya kwenda shule. Liko na jambo jingine ambalo picha haisemi: mlango haufai kufunguliwa maji yakiwamo. Mzee sharti aingie hodhi likiwa tupu, akae uchi akingoja lijae, na baada ya kuoga angoje tena mpaka maji yote yatoke. Mahali ambapo maji hupashwa moto kwa makaa, sufuria moja baada ya nyingine, yale ya kwanza yatakuwa yamepoa kabla ya yale ya mwisho kumiminwa. Kwa maoni yangu, hodhi hilo si la nyumba zetu nyingi.

Lakini shida iliyowafanya wenzetu walibuni ni shida yetu pia. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na walio wengi kati yao wamepita miaka 60. Sakafu yenye sabuni ni adui wa nyonga za wazee. Tena wako wanaoshuka ziwani kuoga, kama walivyofanya tangu utoto. Mawe ya pwani huteleza, mawimbi ya Tanganyika hayamsubiri mtu mwenye magoti mabovu, na mamba hawajahama. Na kipindupindu ni mgeni wa siku nyingi Kalemie: maji yaingiayo kinywani wakati wa kunawa uso yatosha kukileta nyumbani.

Mama mzee akisema siku nne mfululizo kwamba leo hakutoka jasho, msidhani ni mvivu wa kuoga. Huenda anaogopa sakafu, naye aona haya kusema.

Basi kazi na ianze kwake. Kabla ya kumwita mwashi, mwombe nkambo atembee kutoka kitandani hadi mahali pa kuogea, nawe umfuate polepole ukitazama mikono yake. Anapogusa ukuta, anaposhika mwimo wa mlango, anaposimama kuvuta pumzi, hapo weka alama kwa mkaa. Alama hizo ndizo ramani yako, bora kuliko ramani ya fundi yeyote.

Kizingiti kiondolewe, na mlango uwe na upana wa sentimeta 80 usipungue, ukifunguka kwa nje, kusudi mtu akianguka ndani asiuzibe kwa mwili wake. Sakafu iwe ya saruji iliyokwaruzwa kwa ufagio kabla haijakauka. Ile inayong'aa yapendeza macho tu. Iinamie upande wa mfereji kwa sentimeta 2 katika kila mita. Kiti cha plastiki kisitumiwe, maana miguu yake hutanuka penye maji. Afadhali kujenga kiti kwa matofali ya kuchoma, kimeegemea ukuta, chenye kimo cha sentimeta 45 hivi, mradi nyayo zote mbili za mzee zikanyage chini vizuri.

Kishikio ndicho kinachokosewa zaidi. Watu hupigilia misumari katika ukuta wa matofali mabichi, wakafunga bomba la chuma, wakaridhika. Ukuta ule hauwezi kumshika mtu anayeanguka. Utamwachia bomba mkononi, naye aliliamini. Kama ukuta ni wa udongo, chimbia nguzo mbili za chuma ndani ya zege, kina cha nusu mita, kisha uunganishe bomba juu yake kwa kimo cha sentimeta 80 hadi 90. Ni gharama, ndiyo, lakini hapa usipunguze. Punguza rangi na mapambo.

Wanaokaa chini karibu na ziwa wana fumbo lao. Mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia katika nyumba za watu, na aliyejenga upya sasa ataka kuinua sakafu. Ni haki yake. Lakini asiweke ngazi. Ajenge mteremko, na kwa kila sentimeta 10 za kimo atoe sentimeta 120 za urefu. Maji machafu yaende katika shimo lililojazwa mawe, mita 30 mbali na kisima, wala yasikimbilie ua wa jirani.

Kwa kuoga ndoo moja au moja na nusu yatosha, pamoja na kata ya kuchotea. Tia maji baridi kwanza, ndipo ya moto, kisha yapime kwa kiwiko, kwa sababu ngozi ya mzee huchelewa kusikia moto.

Nani amsaidie? Mkwe hawezi kumwogesha mkwewe. Desturi yakataza, na mzee angependa kukaa na uchafu kuliko kupatwa na aibu hiyo. Mjukuu wa jinsi moja naye hufaa sana, kwa kuwa kati yao kuna utani, na mzee akichekeshwa husahau hofu. Mjukuu huyo asimame nje ya pazia, aitwe tu inapohitajika.

Saruji ikishamiminwa, imwagiwe maji kila siku kwa muda wa siku 7 bila mtu kuoga humo. Siku ya nane, kijana mzito kuliko wote nyumbani aingie, amwage maji ya sabuni sakafuni, aketi, kisha ainuke kwa kuning'inia katika kile kishikio mara kumi. Kikitikisika, mwashi arudi kabla hajalipwa fedha zilizobaki.