Sabuni Huanzia Kwenye Mizani

Nazi hukunwa kwa mbuzi, tui likakamuliwa na kuachwa litulie usiku kucha. Asubuhi huelea juu tabaka zito, jeupe. Likichemshwa kwa moto wa wastani, maji hukauka, mashata ya kahawia hushika chini ya sufuria, na mafuta hujitenga yakinukia nyumba nzima. Kijana aliyekulia Tanga au Pemba ameiona kazi hii kwa bibi yake kabla hajajua kusoma.

Basi anapofika kwenye mafunzo ya kutengeneza vipodozi vya mimea, miaka miwili baada ya kumaliza shule na bado hana kazi, malighafi anaijua. Mwani unalimwa kibiashara Zanzibar tangu 1989, lakini sehemu kubwa huuzwa nje ukiwa mkavu tu. Huko hutolewa karajini, kitu kinachoipa dawa ya meno uzito wake, nasi tukaja kuinunua dukani. Makonyo ya karafuu hutolewa mafuta kiwandani Wawi, Pemba. Anachokosa kijana ni kemia, na mafunzo ya harakaharaka humwachia resipe tu kwenye daftari.

Lau ningekabidhiwa darasa hilo, siku ya kwanza ningeanza na mizani. Kostiki soda ikikutana na mafuta huyavunja. Asidi zake hugeuka sabuni, na pembeni hubaki gliserini, ambayo hulainisha ngozi. Kila mafuta yana kiasi chake. Kilo 1 ya mafuta ya nazi huhitaji takribani gramu 183 za kostiki ili yageuke yote. Kilo 1 ya mawese, takribani 141. Aliyejifunza kwa nazi, kisha akahamia mawese kwa sababu bei imeshuka, asibadili kipimo, huacha zaidi ya gramu 40 za kostiki ndani ya sabuni. Kwa macho sabuni hiyo haina kasoro. Atakayeungua ni mteja. Watengenezaji makini hupunguza kostiki kwa asilimia 5 hivi, kwa nazi ibaki kama gramu 174, ili mafuta kidogo yasalie kwa ajili ya ngozi.

Nazi ina sifa nyingine ninayoipenda mno: karibu nusu ya asidi zake ni asidi ya lauriki, ndiyo maana sabuni yake hutoa povu hata kwenye maji ya chumvi. Kwa kijiji cha pwani chenye kisima cha maji ya chumvichumvi, hilo si jambo dogo.

Kostiki hutiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Maji hayamwagwi juu ya kostiki, kwani joto lake huweza kuyarusha usoni. Na sufuria ile ya bibi haifai hapa: kostiki hula aluminiamu na kutoa hidrojeni, gesi inayoshika moto. Tafuta ndoo ngumu ya plastiki au chombo cha chuma cha pua, changanya humo maji ya kostiki na mafuta, ukoroge mpaka rojo liwe zito kama uji na mwiko uache alama juu yake.

Linaloniumiza ni neno "asili" kubandikwa kwenye chupa kana kwamba ni cheti cha usalama. Yujenoli, inayoipa karafuu harufu yake, ikizidi huwasha na kuwatoa upele baadhi ya watu. Losheni ya mshubiri ina maji, na penye maji bakteria na ukungu huzaliana. Bila kihifadhi huweza kuharibika kabla harufu haijabadilika. Vitamini E, ambayo wengi hudhani inatosha, huchelewesha mafuta kuchacha tu. Anayeanza na aanze na mafuta matupu na sabuni ya kipande.

Rojo humiminwa kwenye kasha, na keshokutwa hukatwa. Kikemia kazi karibu imekwisha. Ila ndani bado mna maji, na sabuni iliyouzwa hivyo huyeyuka bafuni upesi, mteja asirudi. Inataka wiki 4 hadi 6 penye upepo. Hapo ndipo ninapowahurumia vijana hawa, maana mafuta wameyanunua kwa mkopo na nyumbani wanaulizwa hela ya unga. Cheti cha mafunzo hakiwavushi mwezi huo. Mtaji mdogo ungewavusha. Kwenye rafu ya kukaushia sabuni, mbele ya kila safu, pamewekwa kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu: aina ya mafuta, gramu za kostiki, tarehe ya kukata.