Sanduku la Akina Mama na Msimu wa Ugogo

Mtu apitaye vijiji vya Ugogo, tangu Bahi hata Mpwapwa, huwakuta akina mama wameketi chini ya mti siku moja ya juma, na katikati yao sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zashikwa na watu watatu mbalimbali, wala hakuna awezaye kulifungua peke yake. Hiyo ndiyo benki yao, nayo huitwa VICOBA. Mfano wake ulitoka Niger, ambako vikundi vya namna hiyo vilianza mwaka 1991.

Twausifu mpango huo. Kila mwanachama hununua hisa. Mwenye haja hukopa, na riba anayolipa hairudi kwa tajiri wa mbali bali kwao wenyewe. Mzunguko ukiisha, aghalabu baada ya mwaka, hisa hugawanywa pamoja na faida.

Lakini hapo penye kugawana ndipo pana neno. Vikundi vingi huvunja mfuko Desemba, ili sikukuu ipite vema na sare za watoto zipatikane. Haja hizo ni za haki. Hata hivyo Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, uanzao karibu na Desemba na kukoma Aprili. Atasema mtu: si amekwisha kupokea gawio lake? Kweli, lakini gawio huishia sikukuu na sare. Palizi inapoanza Januari, na ghala limepungua, mzunguko mpya una hisa chache mno za kukopesha. Ndipo mama huyu humwendea mlanguzi, ampaye fedha leo ili alipwe kwa magunia ya alizeti wakati wa mavuno.

Na mikopo ya halmashauri, je? Tangu 2018 sheria yazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, na 4 kati ya hizo ni za wanawake, bila riba. Ni jambo jema. Lakini ilisimamishwa Aprili 2023, baada ya ukaguzi kufichua vikundi hewa, ikarejea 2024. Muda wote huo aliyekuwa na sanduku lake ndiye aliyekopa.

Twaomba vikundi vijadili kuhamishia mgawo Julai au Agosti, alizeti ikiisha kuuzwa. Mwenye shamba la zabibu, avunaye mara mbili kwa mwaka, hatasumbuka. Mwenye genge mjini huenda akakataa, naye asikizwe. Kwanza katibu na afungue daftari la miaka mitatu iliyopita, asome mbele ya wote ni wangapi waliokopa Januari, na sandukuni mlikuwa na shilingi ngapi.